Hata Carlsen hupigwa na saa, vijana wa Jipe wasome hapo

DESEMBA 2019, mtu aliyekuwa namba moja duniani kwenye Fantasy ya Ligi Kuu England, mbele ya zaidi ya watu milioni 7, hakuwa kocha, hakuwa mchambuzi wa TV, wala hakuwa yule jamaa wa kijiweni anayejua mpaka beki wa akiba wa Burnley. Alikuwa Magnus Carlsen, raia wa Norway, bingwa wa dunia wa chesi.

Kwa hiyo msomaji anayejiuliza chesi imefikaje kwenye kurasa za mpira apunguze hasira. Carlsen ni mtu wa mpira. Ni shabiki wa Real Madrid, na Novemba 2013, siku chache baada ya kutwaa ubingwa wa dunia, alialikwa Santiago Bernabeu kupiga mpira wa ufunguzi.

Ila ishu ya leo si mapenzi yake ya soka. Ishu ni kwamba jamaa huyu, ambaye Mei 2014 alifikisha pointi 2882, kiwango cha juu kuliko binadamu yeyote katika historia ya chesi, akikaa mbele ya kompyuta huwa anapigwa. Tena kuna siku anapigwa na watoto wa shule.

Na namna anavyopigwa ni darasa la bure kwa kijana wa Jipe, Usangi, Ugweno au Same mjini, mwenye simu ya kioo kilichopasuka, bando la kuungaunga, na hana mtu wa maana wa kucheza naye kijiji kizima.

UWANJA ULE ULE, GEMU TOFAUTI

Chesi, ambayo watu wa pwani wanaiita sataranji, ina miraba 64 na kete 16 kila upande. Mezani au mtandaoni, sheria ni zile zile. Farasi anaruka vile vile, malkia anatembea vile vile. Kinachobadilika ni muda.

Kwenye mechi kubwa za mezani mchezaji anaweza kupewa dakika 90, au hata saa mbili, kwa hatua 40 za mwanzo. Mechi moja inakula mchana mzima. Mtandaoni mambo ni fasta. Kuna gemu za dakika 15, za dakika 10, za dakika 3, na kuna zile za dakika moja tu ambazo mkono unakimbia kuliko akili. Nyingine zinakuongezea sekunde kila ukicheza, nyingine hazikupi hata moja.

Muda wako ukiisha umepoteza. Haijalishi una malkia na ngome mbili na mwenzako amebaki na mfalme na askari mmoja. Ni kama timu iongoze 3-0 dakika ya 89, halafu refa apige filimbi na kuwapa pointi zote wapinzani kwa sababu umemaliza dakika zako. Kwenye mpira wangevunja viti. Kwenye chesi wanasema asante, wanaanza gemu nyingine.

Kuna na mkono. Mezani unashika kete, unaiweka. Kwenye kompyuta kipanya kikiteleza, au kidole kikigusa mraba wa jirani kwenye simu, hatua imeshahesabiwa. Hakuna VAR ya kurudisha.

Kisha kuna mtandao wenyewe. Ukikata, saa yako inaendelea kukatika. Kwa maneno mengine, mchezaji wa mtandaoni ana wapinzani watatu: aliyeko upande wa pili, saa, na mnara wa simu.

REKODI INASEMAJE

Hakuna haja ya kumvunjia heshima mtu mzima. Mtandaoni Carlsen ni tishio. Mwaka 2020, corona ilipofunga viwanja na ligi zikasimama, chesi ilihamia kwenye kompyuta na yeye ndiye aliyeivuta. Mashindano yaliyobeba jina lake, yenye zawadi ya Dola 250,000 kwa ujumla, yaliisha Mei 3 mwaka huo akimfunga Mmarekani Hikaru Nakamura kwenye fainali.

Lakini kwenye mashindano yaliyofuata, Lindores Abbey, Nakamura alimtoa nusu fainali. Carlsen akarudi na hasira, akabeba makombe matatu mfululizo, na Agosti walikutana tena kwenye fainali kuu ya msimu. Ilikwenda siku saba. Carlsen akashinda seti 4-3, na siku ya mwisho ilibidi waende mpaka gemu ya kuamua, mfano wa mikwaju ya penalti.

Kisha ukaja mwaka 2022. Februari, kijana wa miaka 16 kutoka Chennai, India, Rameshbabu Praggnanandhaa, alimtandika kwenye Airthings Masters akiwa na kete nyeusi, kwa hatua 39. Carlsen alikuwa ametoka kuugua corona na alisema nguvu hazijarudi. Sawa. Lakini Mei mwaka huo huo, kwenye Chessable Masters, dogo akampiga tena. Safari hii mechi ilikuwa inaelekea sare. Hatua ya 40 Carlsen akasogeza farasi mahali pabaya, kosa moja tu, kazi ikaisha. Oktoba zamu ikawa ya Gukesh Dommaraju, naye miaka 16, naye wa Chennai. Huyo Gukesh ndiye aliyetwaa ubingwa wa dunia Desemba 2024 kule Singapore.

Ukizitazama mechi hizo mbili za Praggnanandhaa pamoja, hasa ile ya Mei, hupati picha ya mtu aliyezidiwa maarifa dakika 90. Unapata picha ya timu kubwa iliyomiliki mpira, ikajiona imefika, halafu ikafungwa dakika za lala salama kwa beki kurudisha pasi fupi kwa kipa.

ANACHOTAKIWA KUREKEBISHA

La kwanza ni saa. Carlsen ana tabia ya kukamua hata mechi ambazo wengine wangekubali sare na kwenda kula. Mezani tabia hiyo imempa utajiri, kwa sababu mpinzani anachoka yeye anabaki. Mtandaoni, kukamua mechi iliyokufa huku saa inasoma sekunde ni kumpa kinda wa miaka 16 nafasi ambayo hakuitengeneza. Sare nayo ni pointi. Makocha wa Ligi Kuu Bara wanaokwenda ugenini wanalijua hilo vizuri.

La pili ni dharau ndogo ndogo. Machi 2021, kwenye mechi ambayo haikubadilisha msimamo, Carlsen na Nakamura walifungua gemu kwa kutoa wafalme wao nje hatua ya pili tu. Ni sawa na makipa wote wawili kuacha magoli na kwenda kupiga stori katikati ya uwanja dakika ya pili. Watazamaji walicheka, ikaisha sare. Utani haujaua mtu. Shida ni kwamba mazoea hayana mlango wa kutokea. Anayezoea kufungua ovyo kwenye gemu za kujifurahisha, siku ya fainali mkono unakumbuka yale yale.

La tatu ni kupumzika. Mtandao hauna ratiba ya usafiri. Hakuna ndege wala hoteli, kwa hiyo mashindano yanabanana na mchezaji anajikuta anacheza leo, kesho, keshokutwa. Mchezaji wa mpira akicheza mechi tatu kwa wiki misuli inagoma na daktari wa timu anamwona. Ubongo ukichoka hauchechemei, ndiyo maana haupewi mapumziko.

Na kwamba anaweza kurekebisha, ushahidi upo. Kuanzia 2018 hadi 2022 Nakamura alibeba Speed Chess Championship mara tano mfululizo, ligi ya gemu za haraka ambako saa ndiyo mfalme. Mwaka 2023 Carlsen alimvua kwa 13.5-12.5. Mwaka 2024 akalitetea mjini Paris. Na Agosti 1, 2025, mjini Riyadh, kwenye Kombe la Dunia la michezo ya kompyuta, ambako gemu zilikuwa za dakika 10 bila sekunde hata moja ya nyongeza, alimfunga Alireza Firouzja wa Ufaransa na kuondoka na Dola 250,000. Mtu aliyekuwa anaumizwa na saa alishinda kwenye mashindano yasiyo na huruma ya saa. Ukongwe si kisingizio. Alikuwa na miaka 34.

MNARA UKIKATA

Kuna jambo ambalo Carlsen hawezi kulirekebisha, wala kijana wa Jipe hawezi: mtandao kukata. Hapo ndipo mchezo unapoonyesha tabia za watu.

Mwaka 2020, kwenye nusu fainali ya Chessable Masters, Ding Liren wa China alipotea hewani mechi ikiwa haina mbabe. Saa ikamla, akahesabiwa amepoteza. Gemu iliyofuata Carlsen alimtoa malkia wake aliwe hatua ya nne, akakubali kushindwa. Alirudisha pointi ambayo hakuiona kama ni yake. Mashabiki wa mpira waliiona kitu cha namna hiyo Aprili 2019, Marcelo Bielsa alipowaamuru wachezaji wa Leeds wawaache Aston Villa wasawazishe, kwa sababu Leeds walifunga wakati mchezaji wa Villa yuko chini.

Agosti 30 mwaka huo wa 2020, fainali ya Olimpiki ya chesi ya mtandaoni, India dhidi ya Urusi, wachezaji wawili wa India walipotea hewani. India wakakata rufaa. Rais wa shirikisho la dunia, Arkady Dvorkovich, akaamua dhahabu iende kwa timu zote mbili.

Sasa, kama India, nchi inayouza wataalamu wa kompyuta dunia nzima, mtandao unakata kwenye fainali, mtu wa Jipe akikatiwa asijione ana mkosi. Ila ajue kwamba yeye hana Dvorkovich wa kumpa nusu ya dhahabu. Lazima ajipange.

JIPE WANAINGIAJE

Ziwa Jipe liko chini ya milima ya Upare Kaskazini, nusu Tanzania nusu Kenya. Upande mmoja Mwanga, upande wa pili Taita-Taveta. Wavuvi wa huku wanahangaika na matete na magugu yaliyofunika maji. Kijana akimaliza kazi jioni anakwenda kijiweni, na kijiweni kuna drafti. Vizibo vya soda, ubao uliochorwa kwa mkaa, na kelele kuliko derby ya Kariakoo.

Hapo ndipo kipaji kilipo. Mtu anayeona hatua tano mbele kwenye drafti, anayekumbuka mtego aliowekewa wiki iliyopita, ana mali. Chesi ni binamu wa drafti mwenye familia kubwa. Kinachokosekana ni mpinzani. Mkali wa kijiwe akishawapiga wote, anabaki kuwa mkali wa kijiwe mpaka azeeke.

Mbwana Samatta, ili akutane na mabeki wa Ulaya, alihitaji TP Mazembe imwone, kisha Genk, kisha Aston Villa. Alihitaji mawakala, pasi ya kusafiria na ndege. Mchezaji wa chesi wa Jipe anahitaji simu ili usiku huu huu akutane na mtu wa Chennai. Hakuna mchezo mwingine kwenye kurasa hizi wenye mlango wa bei rahisi namna hiyo.

Na wanaosema bando ndilo tatizo wapige hesabu upya. Hatua ya chesi inayosafiri kwenye mtandao ni herufi na namba chache. Gemu nzima inakula data kidogo kuliko video fupi ya goli moja la Aziz Ki. Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa mwaka 2010, ni bure kabisa na haina matangazo. Programu ya Stockfish, inayocheza vizuri kuliko Carlsen mwenyewe, nayo ni bure, na ukishaipakua kwenye simu inafanya kazi bila bando.

Tatizo kubwa ni namna ya kucheza. Vijana wengi wanaogundua chesi ya mtandaoni wanakimbilia gemu za dakika moja. Wanacheza 30, 40 usiku mmoja, wanapoteza, wanabonyeza tena, wanapoteza, wanabonyeza tena. Hiyo ni akili ya mkeka wa kubeti, haina uhusiano na mazoezi. Mwezi unaisha, pointi ziko pale pale, na kijana anasema chesi ni ya Wazungu.

Dawa yake inajulikana. Gemu mbili kwa siku za dakika 15, zenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, zinamfaa kuliko gemu 40 za dakika moja. Nyongeza hiyo ndiyo pia bima ya mtandao: ukikata kidogo na kurudi, angalau una pa kupumulia. Kila gemu aliyopoteza airudie bila bando, kwanza kwa macho yake, atafute mahali alipoharibu, ndipo aiulize Stockfish. Akianza na Stockfish atapata jibu, hatapata akili. Mafumbo matano kila asubuhi. Fungua gemu kwa namna moja tu kwa kete nyeupe mpaka aijue kama njia ya kwenda kisimani. Na kabla ya kugusa kioo, kidole kisubiri kidogo.

Watani husema Mpare hatoi shilingi bila kuuliza inakwenda wapi. Wachaga wanacheka, Wapare wanajenga. Basi saa ya chesi inataka Mpare. Kila sekunde iulizwe inakwenda wapi.

WIZI USIOONEKANA

Kuna kishawishi ambacho lazima kitajwe. Programu ile ile inayofundisha ndiyo inayoweza kutumika kuiba. Simu moja unacheza, simu ya pili inakuambia ucheze nini. Septemba 2022 Carlsen alipangiwa mtandaoni na Mmarekani Hans Niemann, akacheza hatua moja, akazima kamera, akaondoka. Niemann alikiri kuwahi kudanganya mtandaoni akiwa na miaka 12 na alipokuwa na miaka 16, na akakana katakata kudanganya mezani. Kesi yao ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2023. Wamebaki wachezaji wakubwa wote wawili, lakini kijana wa Chennai anayejulikana kwa mechi, na kijana anayejulikana kwa tuhuma, hawaitwi kwenye mashindano kwa moyo mmoja.

Kwa mtu wa Jipe hasara ni kubwa zaidi. Akaunti yake ndiyo kadi yake ya usajili. Ikifungwa kwa wizi, hana klabu ya kumtetea wala wakili wa kumsafisha.

WENYE MAMLAKA WAAMKE

Wapo watakaosema chesi haijazi uwanja, haiuzi jezi. Ni kweli. Na vijana wengi watakaoanza hawatafika popote pa kuandikwa gazetini, kama ambavyo watoto wengi wanaocheza chandimu hawafiki Simba wala Yanga. Hakuna aliyefunga chandimu kwa sababu hiyo.

Uganda wana la kusimulia. Robert Katende alikuwa mtu wa mpira, akiwafundisha watoto wa Katwe, mtaa maskini wa Kampala. Akaona kuna watoto wanaokaa pembeni, hawagusi mpira. Kwa ajili ya hao akaleta ubao wa chesi. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alifika Olimpiki ya chesi, mwaka 2012 Istanbul akapata cheo chake cha kwanza cha kimataifa, akaja kusoma chuo kikuu Marekani, na mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu ambayo Lupita Nyong'o alicheza kama mama yake. Yote yalianza na kocha wa mpira aliyewatazama watoto wa nje ya mstari.

Wilaya za Same na Mwanga zina shule za sekondari zenye vyumba vya kompyuta ambavyo Jumamosi vinafungwa kufuli. Zina maofisa michezo wanaojua kupanga timu za UMISSETA mpaka zipande basi. Wanachoombwa ni kidogo kuliko seti ya jezi: chumba kimoja chenye umeme na intaneti, mwalimu mmoja wa zamu, na saa tatu za Jumamosi. Same wacheze na Mwanga, Usangi wacheze na Gonja, bila nauli hata ya bodaboda. Mshindi wa mwezi ajulikane, matokeo yabandikwe ukutani kama ya ligi.

Maana kijana anayecheza peke yake kitandani usiku wa manane, simu ikiwa asilimia nne, hata awe na kichwa gani, atapigwa na saa kabla hajapigwa na mtu. Carlsen ana wasaidizi, ana vifaa na ana mtandao wa uhakika, na bado saa imewahi kumwadhibu. Kijana wa Jipe wampunguzie wapinzani. Wamwondolee mnara na chaji, abaki na wawili tu: saa, na aliyeko upande wa pili. Hao atapambana nao mwenyewe.